Mzio wa tufaha unaotokana na chavua ya birchi: kuuzoesha mwili gramu kwa gramu

Zuhura_W

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaoyajua mambo ya mzio.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34, anaishi Winterthur, Uswisi. Kila Aprili chavua ya mti wa birchi humtoa machozi na kamasi. Tufaha bichi humwasha midomo, kaakaa na ndani ya masikio dakika chache tu baada ya kulitafuna, kisha mwasho hupoa wenyewe kabla ya nusu saa kuisha. Tufaha la kupikwa, jemu na juisi ya boksi havimfanyi kitu. Cheri na pichi vinamwasha vilevile, karoti mbichi kwa mbali. Hana pumu, hajawahi kutoka vipele mwilini wala kubanwa pumzi. Damu ilipimwa: IgE, yaani kingamwili za mzio, dhidi ya Bet v 1 (protini ya chavua ya birchi) iko juu, dhidi ya Mal d 1 ipo, dhidi ya Mal d 3 haionekani; hizo mbili ni protini za tufaha.

Daktari wake wa mzio ameridhia azoeshwe tufaha kidogo kidogo nyumbani. Kinachotakiwa sasa ni utaratibu wenyewe: aanze na kiasi gani, aongeze baada ya muda gani, tufaha la aina gani, mwasho upi ni wa kawaida na upi ni wa kusimamisha. Na akishafika tufaha zima, anaweza kupumzika?

Dk_Mwanaidi

Dada Zuhura, umefanya vizuri kuweka vipimo vyote, maana uamuzi wa kufanya zoezi hili nyumbani au kutolifanya unategemea ile Mal d 3 kuliko kitu kingine chochote.

Bet v 1 ni protini ya chavua ya birchi. Mwili ukishaitengenezea kingamwili za IgE, kingamwili hizo hukamata pia protini zenye umbo linalofanana nayo: Mal d 1 ya tufaha, Pru av 1 ya cheri, Pru p 1 ya pichi, Dau c 1 ya karoti. Protini za kundi hili ni dhaifu. Moto huzivuruga kama unavyovuruga ute wa yai, na tumboni asidi na vimeng'enya huzivunja upesi. Kwa hiyo mgonjwa huwashwa mdomoni tu, pale protini inapomgusa ikiwa bado nzima, na jemu haimdhuru.

Mal d 3, protini nyingine ya tufaha, ni jambo jingine kabisa. Imejaa kwenye ganda, inastahimili moto, inastahimili asidi, hivyo hufika utumboni ikiwa nzima na kuingia kwenye damu. Mzio wa namna hii umezoeleka zaidi nchi za Mediterania kama Hispania na Italia, na mwenye nao anaweza kutoka vipele mwili mzima au presha yake ikashuka ghafla hata kwa tufaha lililopikwa au juisi. Huyo asijaribu kabisa utaratibu ninaouandika hapa. Mtu ambaye hajapimwa, mtilie shaka ikiwa vyakula vilivyopikwa navyo vinamsumbua, dalili zinatokea mbali na mdomo, au hana mzio wowote wa chavua ya birchi.

Wengine wasioruhusiwa kufanya nyumbani, hata kama Mal d 3 haipo: mwenye pumu isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata anafilaksisi (mzio mkali wa ghafla wa mwili mzima) kwa chakula chochote, anayetumia dawa za presha za kundi la beta (atenololi, propranololi na ndugu zake, kwa sababu hupunguza nguvu ya adrenalini ikihitajika), mjamzito, na mwenye ugonjwa wa umio unaofanya chakula kikwame.

Sasa utaratibu. Msingi wake ni utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la *Allergy*. Watu 27 wenye mzio wa tufaha unaotokana na birchi walikula tufaha bichi kuanzia gramu 1, kiasi kikiongezwa mara mbili kila wiki mbili au tatu hadi gramu 128. Wengine 13 hawakula. Mwishoni 17 kati ya wale 27 walimudu gramu 128 bila dalili, na katika kundi lisilokula hakuna hata mmoja aliyemudu. Ngazi ni hizi: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Ngazi nane, kila moja siku 14 hadi 21, kila siku bila kuruka.

Aanze baada ya msimu wa birchi, si katikati yake. Uswisi birchi huachia chavua Aprili na kuingia Mei, na mwasho wa mdomo huwa mkali zaidi wakati huo. Akianza Juni mosi kwa ngazi za wiki tatu, gramu 128 ataigusa mwishoni mwa Oktoba. Kwa ngazi za wiki mbili ni mapema Septemba. Namna zote mbili atakuwa amemaliza kupanda kabla miti ya hazeli na alda haijaanza kumwaga chavua, maana hiyo huanza Januari au Februari na chavua zake ni za ukoo mmoja na birchi.

Dozi ya kwanza, na kila siku ya kwanza ya ngazi mpya, ale akiwa na mtu mzima mwingine nyumbani. Asubuhi au mchana, baada ya mlo mwepesi, asile usiku akaenda kulala. Atafune taratibu, azungushe mdomoni kama nusu dakika, ndipo ameze. Dawa ya mzio kama setirizini au loratadini iwe karibu, lakini asiimeze kabla ya dozi. Akiimeza kabla, itaficha dalili ambazo ndizo zinazotuambia kama ngazi ni sahihi. Ikiwa anaitumia kila siku kwa ajili ya chavua, basi asipande ngazi yoyote mpaka aache.

Mwasho wa midomo na kaakaa unaoisha ndani ya dakika 15 hadi 30 ni wa kawaida kwenye ngazi mpya. Unatakiwa upungue siku hadi siku. Kama baada ya wiki mbili bado uko vilevile, abaki ngazi hiyohiyo wiki nyingine badala ya kupanda. Mwasho unaozidi nusu saa, au midomo inayovimba waziwazi: arudi ngazi ya chini kesho yake na akae huko wiki mbili. Sauti kukwaruza, koo kubana, vipele mbali na mdomo, kutapika, kukohoa kwa mfululizo, kizunguzungu: zoezi linaishia hapo, apige 144 (namba ya gari la wagonjwa Uswisi), na akiwa ameandikiwa sindano ya adrenalini aichome pajani mara moja, asisubiri kuona kama itapita.

Kuna mambo yanayoligeuza tufaha la jana kuwa kali leo, na watu wengi hawaelezwi. Mazoezi mazito ndani ya saa mbili baada ya dozi. Pombe. Ibuprofeni na aspirini. Homa au mafua. Kukosa usingizi. Na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli: niliyosema juu kuhusu tumbo kuvunja Mal d 1 hayafanyi kazi vizuri asidi ikishapunguzwa, protini hupita nzima na mwasho wa mdomoni unaweza kugeuka kuwa wa mwili mzima. Akiandikiwa omeprazoli katikati ya zoezi, asimamishe na amjulishe daktari wake. Akiwa na homa au anahitaji ibuprofeni, ale nusu ya dozi au aache siku hiyo.

Akikosa siku moja au mbili, aendelee na dozi ileile. Akikosa siku tatu hadi saba, ashuke ngazi moja. Zaidi ya wiki, ashuke ngazi mbili na apande upya. Hii ni kanuni ya tahadhari, si ya utafiti ule.

Kuhusu kupumzika: hapana. Uvumilivu huu hauna mizizi. Utafiti uleule ulionyesha kwamba ni wa muda tu, walioacha kula hawakubaki nao. Mwili umezoea kwa sababu unakutana na Mal d 1 kila siku, na ukiacha kukutana nayo, mwasho hurudi. Mgonjwa akubali tangu mwanzo kwamba tufaha litakuwa kwenye ratiba yake ya kila siku kwa miaka, na kama hilo halimfai, heri asianze. Tufaha la kupikwa analila tayari bila shida.

Bustani_ya_Meran

Dk Mwanaidi ameshamaliza upande wa mwili, mimi niongeze upande wa tunda lenyewe, kwa sababu gramu 4 za tufaha moja si sawa na gramu 4 za jingine.

Mal d 1 hutofautiana sana kati ya aina na aina. Golden Delicious, Granny Smith, Gala na Jonagold ziko upande wa juu. Santana, iliyozalishwa Uholanzi, imekuwa ikiuzwa huko kwa watu wenye mzio mdogo. Aina za kizamani zenye uchachu na ukakasi, kama Boskoop na Alkmene, mara nyingi huvumilika zaidi kwa sababu zina polifenoli nyingi, zile kemikali zinazofanya nyama ya tufaha ibadilike rangi kuwa kahawia ukishalikata. Polifenoli zikikutana na hewa na vimeng'enya vya tunda, hushikamana na Mal d 1 na kuiharibu.

Watafiti wa Innsbruck na wa Tyrol Kusini walilitumia jambo hili kupanga njia nyingine, waliyoichapisha mwaka 2020. Badala ya kutegemea gramu peke yake, waliwapandisha watu kwa aina: kwanza Red Moon, ambalo nyama yake ni nyekundu na Mal d 1 yake ni kidogo, kisha Pink Lady iliyo katikati, mwisho Topaz na Golden Delicious zilizo kali. Zoezi zima lilichukua miezi minane au zaidi. Nafuu haikuishia kwenye tufaha, hata pua na macho yalitulia msimu wa birchi, ingawa kundi lilikuwa dogo na haifai kumwahidi mtu hilo.

Kosa ninaloliona kwa watu ni kuchanganya njia mbili. Wiki hii wanaongeza gramu na wiki hiyohiyo wanabadilisha aina kwa sababu dukani Gala ilikuwa bei nafuu. Mdomo ukiwaka, huwezi kujua ni kiasi au ni aina. Chagua njia moja. Ukienda kwa gramu, shikilia aina moja tangu gramu 1 hadi 128, na ikiwezekana duka moja. Ukienda kwa aina, unapohama kutoka Red Moon kwenda Pink Lady rudi robo ya kiasi ulichokuwa nacho, kisha panda tena.

Ghala ni jambo jingine. Mal d 1 huongezeka tufaha linapokaa kwenye baridi. Tufaha lililochumwa Septemba likaliwa Septemba si lilelile likitolewa friji mwezi wa tatu, hata kama jina kwenye kibandiko halijabadilika. Ghala zenye hewa iliyopunguzwa oksijeni hupunguza kasi ya ongezeko hilo, ila wewe mnunuzi huwezi kujua lilitoka ghala gani. Kwa hiyo ukifungua mfuko mpya wakati wa majira ya baridi, siku ya kwanza kula nusu ya dozi.

Kupima: mizani ya kawaida ya jikoni husoma gramu nzima nzima, na kwenye gramu 1 au 2 inaweza kukosea kwa nusu yake au zaidi. Nunua mizani ndogo ya mfukoni inayosoma 0.1, ile ya kupimia dhahabu au viungo. Kama huna, kata mchemraba wa sentimita 1 kila upande, huo una uzito wa karibu gramu 0.8. Wa sentimita 2 kila upande hufika gramu 6 na nusu hivi, na hapo ndipo watu hukosea: wanadhani wameongeza mara mbili kumbe wameongeza mara nane.

Pima nyama bila moyo wenye mbegu. Ganda libaki au litoke, lakini uamuzi uwe mmoja hadi mwisho. Kumenya hakuondoi Mal d 1, imo ndani ya nyama pia. Kumenya kunamsaidia zaidi mwenye Mal d 3. Kata na ule papo hapo. Kipande kilichokaa kwenye sahani saa nzima kikageuka kahawia kina Mal d 1 iliyopungua, na tufaha lililokunwa hupungua upesi zaidi kwa kuwa hewa imeligusa kila upande. Mtu anayejizoesha kwa tufaha lililokunwa asubuhi na kuliwa mchana anajizoesha kwa kitu dhaifu, halafu siku akiuma tufaha bichi anashangaa kwa nini anawaka.

Zuhura_W

Asanteni sana, hasa hilo la mizani na mchemraba, sikuwa nimelifikiria. Maswali mawili. Je, akifanikiwa kwa tufaha, cheri na pichi navyo vitakubali? Na je, utaratibu huu unaweza kutumika kwa maziwa ya soya na hazelnati? Alikuwa anataka kuvizoea vyote kwa pamoja.

Dk_Mwanaidi

La pili nalijibu kwanza: hapana, dada yangu, na umwambie leo.

Soya ina Gly m 4, nayo ni ya kundi lilelile la Bet v 1. Tatizo ni kiasi na mwendo. Tufaha unalitafuna, mdomo unawasha, unaacha. Maziwa ya soya au unga wa protini uliokorogwa unashuka glasi nzima kabla mdomo haujatoa onyo, na soya hiyo mara nyingi haikupata joto la kutosha kuivunja Gly m 4 yote. Kwa watu wenye mzio mkali wa birchi yametokea madhara ya kutisha, uso na koo kuvimba, pumzi kubana, tena kwa mara ya kwanza kabisa walipokunywa. Tofu iliyopikwa vizuri na mchuzi wa soya uliochachushwa havina hatari ya kiasi hicho, lakini glasi ya maziwa ya soya baada ya mazoezi ndiyo nafasi mbaya kuliko zote.

Hazelnati ina Cor a 1, dhaifu kama Mal d 1, lakini pia ina Cor a 9 na Cor a 14, protini za akiba za mbegu, ambazo haziharibiki kwa moto wala asidi na ndizo zinazohusishwa na mzio mzito. Bila kuzipima hizo mbili huwezi kujua mgonjwa wako yuko upande gani. Seleri bichi nayo muiache. Uswisi na Ujerumani inajulikana kwa mizio mikali, na ile ya mizizi hubaki na makali hata baada ya kupikwa.

Cheri na pichi: uvumilivu wa tufaha wakati mwingine huvuka hadi kwenye matunda ya ukoo wake, wakati mwingine hauvuki. Asidhani. Akikaa gramu 128 kwa mwezi mzima bila mwasho, ajaribu kipande cha pichi cha gramu 1 siku ambayo hajala tufaha, asubiri saa mbili, aone. Ikiwasha, basi pichi ibaki ya kopo au ya kupikwa. Kufanya mazoezi ya matunda matatu kwa pamoja kunaleta tatizo lilelile alilolisema Bustani, hujui nani amekuchoma.

Niongeze jambo ambalo halionekani wiki za kwanza. Kula kila siku kitu ambacho mwili una mzio nacho kunaweza, kwa watu wachache, kuleta uvimbe wa umio. Dalili yake si mwasho. Ni wali au nyama kukwama kifuani, kuhitaji maji kila tonge, kiungulia kisichosikia dawa. Ikitokea hata baada ya miezi sita ya mafanikio, aache tufaha na aonwe na daktari wa tumbo.

Na ikiwa mgonjwa ana pumu ya ngozi, aiangalie ngozi yake. Joto huondoa mwasho wa mdomoni lakini vipande vya protini bado vinaweza kuamsha seli T (seli za kinga za mwili), na pumu ya ngozi ikachafuka siku moja au mbili baadaye bila mdomo kuwasha kabisa. Hilo linahusu hata tufaha la kupikwa.

Muuguzi_Temeke

Shikamoo Daktari. Mada nzuri. Huku Dar hatuna birchi, lakini kuna watu wanalalamika mdomo unawasha kwa nanasi, wengine kwa ndizi, parachichi na papai, wengine embe. Je, hao nao wazoeshwe kidogo kidogo namna hii?

Dk_Mwanaidi

Marahaba. Hapo unazungumzia mambo matatu tofauti, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa ngazi za gramu.

Nanasi humwasha karibu kila mtu akila la kutosha. Lina bromelaini, kimeng'enya kinachosaga protini, na vijisindano vya oksalati ya kalsiamu vinavyochoma ulimi. Hilo si mzio. Kulichemsha kidogo au kulioka huua bromelaini, na kuondoa moyo mgumu wa katikati husaidia, maana bromelaini iko nyingi huko. Akitoka vipele mwilini baada ya nanasi, hapo ni habari nyingine na apimwe.

Ndizi, parachichi, papai na kiwi vikimsumbua mtu mmoja kwa pamoja, muulize kuhusu glovu za mpira. Wauguzi, wahudumu wa maabara na watu waliofanyiwa operesheni nyingi wanaweza kuwa na mzio wa utomvu wa mpira, na protini za matunda hayo zinafanana na zile za mpira. Mzio huo unaweza kuwa mzito. Mbadilishie glovu ziwe za nitrili, mwandike kwenye faili, apelekwe kwenye vipimo, na asijizoeshe chochote nyumbani.

Embe mara nyingi ni ganda na utomvu wa kikonyo. Vipele na malengelenge huzunguka midomo siku moja au mbili baadaye, si dakika tano baadaye. Mtu mwingine amenyee, akate vipande, naye ale kwa uma. Wengi hawasumbuki tena.

Kinachokaribia kweli mambo ya birchi huko kwenu ni chavua ya nyasi. Mwenye mafua ya nyasi anaweza kuwashwa na tikiti, nyanya au chungwa kwa sababu ya protini iitwayo profilini, iliyomo karibu kila mmea. Nayo ni dhaifu, huvunjwa na moto na asidi, na kwa kawaida haivuki mdomo. Lakini utaratibu wa gramu 1 hadi 128 ulijaribiwa kwa tufaha na birchi. Kuuhamishia kwenye tikiti ni kubahatisha.

Bustani_ya_Meran

Nyongeza ndogo kwa Muuguzi: ukimpima mtu mzio wa tunda kwa kuchoma ngozi, usitegemee dawa ya chupa pekee. Dondoo za matunda ya kundi la Mal d 1 huharibika upesi zikiwa chupani, kwa sababu ya polifenoli zilezile, na kipimo kinatoka hasi kwa mtu anayewashwa kila siku. Wapimaji huchoma sindano kwenye tunda bichi lenyewe, kisha kwenye ngozi ya mkono.

Zuhura_W

Swali la mwisho kabisa. Mwezi wa kumi na mbili mgonjwa anasafiri Tanzania kwa wiki tano, wakati huo atakuwa kwenye gramu 128. Je, asimamishe akirudi aendelee? Na sindano za kuuzoesha mwili chavua ya birchi haziwezi kumaliza yote haya?

Dk_Mwanaidi

Wiki tano bila tufaha zitamrudisha chini, kwa hiyo aendelee akiwa huko. Kuwa mbali na birchi hakufuti kingamwili alizonazo.

Tahadhari ni aina na umri wa tunda. Matufaha mengi ya supamaketi za Dar na Nairobi hutoka Afrika Kusini, nako mavuno ni Februari hadi Mei hivi. Mwezi wa kumi na mbili yatakuwa yamekaa kwenye baridi zaidi ya nusu mwaka, na mengi ni Granny Smith, Golden na Gala, zilizo kali. Siku ya kwanza ale gramu 32, siku tatu akiwa salama 64, siku tatu nyingine 128. Ayaoshe vizuri, akate nusu aangalie ndani kabla ya kupima, kwa sababu la zamani sana huwa limeoza kuzunguka moyo huku nje linang'aa. Mizani ya mfukoni aibebe. Asifanye jaribio lolote la tunda jipya akiwa mbali na hospitali, na setirizini aweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakiwa.

Sindano au vidonge vya birchi vya kuweka chini ya ulimi vinafanya kazi nzuri kwa pua na macho. Kwa tufaha, matokeo yamekuwa yakipishana: tafiti nyingine zimeonyesha nafuu, nyingine hazikuonyesha tofauti. Sababu mojawapo inaonekana ni kwamba kingamwili za kinga zinazoibuka dhidi ya Bet v 1 hazizuii Mal d 1 sawasawa. Watafiti wa Vienna walijaribu matone ya chini ya ulimi yenye Mal d 1 yenyewe iliyotengenezwa maabara, watu 60 kwa wiki 16, wakachapisha mwaka 2018: waliopata Mal d 1 walipata nafuu ya tufaha kuliko waliopata Bet v 1 au dawa tupu. Dawa hiyo haijafika famasi. Kwa sasa mwenye pua na macho yanayomtesa apewe tiba ya birchi kwa ajili hiyo, na tufaha lipewe ratiba yake pembeni. Asianze vyote viwili mwezi mmoja; apishe miezi mitatu kati ya kuanza kimoja na kingine, na sindano ya birchi isiangukie siku ya kupanda ngazi ya tufaha.